Macho ya Bi Tatu

Fundi Shabani,

Wamemfufua Bi Tatu. Nakuambia kabla hata ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitapoa, na mimi sitaki kupoa. Toleo la thelathini na moja la katuni yetu liliingia Jumanne kwa basi la kutoka Mbeya, nikalisoma nikiwa nimesimama palepale stendi, mzigo wa rangi miguuni. Ukurasa wa mwisho mama wa watu anatoka pangoni na khanga yake kichwani, mzima, hana hata mkwaruzo, anamwambia mwanawe Komeo, "Umekula?" Umekula! Na sisi tulimzika, Fundi. Tulimzika mimi na wewe katika toleo la ishirini na saba, ukanirudisha kwenye ule ukurasa wa kaburi mara tatu, huku ukijifanya ni vumbi la msasa limekuingia machoni.

Haya, salamu sasa. Ni mimi Sekela, mwanafunzi wako, yule uliyekuwa unamwita mtu wa kahawa kwa kosa la kuzaliwa Isansa, kwenye mibuni. Nakuandikia hapa kibandani, kwenye meza yako ya kuchorea mabango, na kiwiko changu kimeshashika rangi ya bluu kwa sababu nawe hukuwahi kuifuta hii meza. Sijui barua ya namna hii inapita njia gani. Ila siku ile sikukuaga. Wanaume walikubeba wakaenda nawe makaburini, sisi wanawake tukabaki nyumbani, na mimi nikapewa masufuria nisugue. Nilimwomba dada yako nikuone uso mara moja tu. Akanishika bega akasema, "Ameshavishwa, mwanangu." Sikubisha. Nyumba ya watu, dini ya watu, na mimi ni mtoto wa kanisani. Lakini miaka sita nilisimama ubavuni kwako nikikushikia kopo, halafu sikukuona ulivyolala.

Hayo nitayarudia. Kwanza nikueleze walivyomharibu Komeo, maana ubovu haukuanzia thelathini na moja.

Umeondoka na toleo la ishirini na saba kichwani, kwa hiyo hujui kwamba ishirini na nane lilikuja na mchoraji mpya. Yule mzee wetu wa mistari minene ameondolewa, au kaondoka mwenyewe, hawakusema. Huyu wa sasa anachora kwa kompyuta. Rangi zinang'aa kama sahani za plastiki na watu wote wana uso mmoja. Mwenye duka na mteja wake wanafanana kama ndugu. Hata mbuzi, Fundi, hata mbuzi ana meno kama ya Komeo. Nililigeuza lile toleo juu chini nikitafuta alama ya brashi hata moja.

Ningevumilia sura. Kilichonipandisha hasira ni mkono. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba utamu wa Komeo haukuwa kusimamisha vitu. Mtu anayenyoosha kiganja cha kulia, lori lililokatika breki linasimama mbele yake, hiyo kila mtoto anaweza kuibuni. Utamu ulikuwa siku tatu zinazofuata, mkono umekufa ganzi hadi begani, jamaa hawezi hata kufunga kifungo cha shati, na Bi Tatu anakaa naye mkekani, anamega ugali, anamtia mdomoni, huku anamsema. Kurasa nne nzima za ugali na masimango! Wewe ulikuwa unaacha kupaka ili usikilize hizo. Ulisema, "Hapo ndipo pana mtu." Sasa katika ishirini na nane Komeo anasimamisha treni, na picha inayofuata, Fundi, inayofuata palepale, anatumia mkono huohuo kufungua soda. Nikadhani wameruka ukurasa. Nikahesabu kurasa. Hawakuruka kitu, wamesahau tu, au wamechoka kuchora ugali.

Ishirini na tisa wakamvua ovaroli. Lile ovaroli lake la bluu la fundi milango, lenye mfuko uliochanika ambao wewe hukukosea kuuchora hata mara moja, limetupwa. Amevalishwa kitu cha kubana kinachometameta, na kifuani wameweka herufi K kubwa. Ya nini? Mtaa mzima unamjua jina, ametengeneza milango yao. Au anaogopa kujisahau? Na anaongea Kiingereza anaporuka. Zamani alikuwa harukiruki, alikuwa anatembea.

Thelathini sitaki hata kuligusa. Bwana Kutu, yule mwovu aliyekuwa akipulizia chuma kikageuka vumbi jekundu, yule aliyeozesha lile daraja na Bi Tatu akiwa chini yake, eti ametubu. Ametubu kwa kurasa mbili. Wanakunywa chai pamoja na Komeo. Nililitupa lile toleo chini ya benchi, nikaliokota kesho yake kwa sababu lilikuwa limelala kifudifudi na sikupenda.

Halafu ndipo hii ya Jumanne. Unataka kujua wametumia uongo gani? Pacha. Aliyekufa chini ya daraja alikuwa pacha wake. Matoleo ishirini na sita hakuna aliyewahi kutaja pacha, mama wa watu alikuwa anasimulia hadi shangazi zake wa upande wa pili, lakini pacha hakumkumbuka. Na kile kifo kilikuwa na maana yake, ndicho kinachoniuma. Komeo alisimamisha basi la watoto wa shule asubuhi, mkono ukafa ganzi, mchana daraja likamwangukia mama yake, naye akanyoosha mkono ule uliokufa na daraja halikusimama. Nilipomaliza kukusomea uliacha kupaka. Kisha ukaniambia, nakumbuka brashi ulikuwa umeiinua: "Aliyekufa amekufa. Wakimrudisha huyu mama, Sekela, mimi sinunui tena. Naapa." Ukaapa kabisa. Mimi nikakuunga mkono, nikasema na mimi sinunui.

Kwa hiyo Jumanne nilisimama stendi nikiwa na hasira za watu wawili.

Nikuambie ya kibandani kidogo, nisije nikaonekana nimekuja kulalamika tu, ingawa nimekuja kulalamika. Foleni ya malori bado ni ileile, mengine yanalala siku nne kungoja forodha, kwa hiyo majina ya ubavuni na maneno ya nyuma bado napata. Maduka ndiyo yanatukimbia. Siku hizi wanaagiza mabango ya kuchapwa kwa mashine Mbeya, turubai lina picha ya mwanamke asiyefahamika na mtu yeyote Tunduma, anacheka na simu sikioni. Jua likilipiga miezi mitatu anageuka kijani. Nimewaambia. Wanasema ndiyo maendeleo.

Lakini ile saluni ya jirani imerudi kwetu, na hili utalifurahia. Unakumbuka yule bwana alipogombana na mkewe akaja hapa anatoka povu, tufute jina la mke kwenye bango? Ukamjibu, "Rudi saa kumi." Alipoondoka ukalipiga jina la mke vanishi, tukangoja likauke, ndipo ukalifunika kwa rangi nyepesi uliyoichanganya na mafuta ya taa mengi ili isishike. Nikakuuliza sababu. Ukasema hawa watapatana, na kitu unachodhani kitarudi kipige vanishi kabla hujakifunika. Basi wamepatana. Mwezi uliopita wamekuja wote wawili, mke anatembea mbele. Nikachukua kitambaa na tina ya kuyeyushia rangi, nikasugua, jina la mama likatoka linang'aa kana kwamba umeliandika asubuhi ile. Yule bwana akapiga makofi. Hakuna mashine ya Mbeya inayoweza hivyo, nikamwambia.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka uniambie kama nilikosea.

Jumatano, siku moja tu baada ya Bi Tatu kufufuka, akaja Bashi Mutale, Baba Mutale kwa Kibemba chao. Yule dereva wa Nakonde mwenye lori jeupe, ambaye huwa hapiti forodha bila kuja kutuletea karanga. Unajua mwenyewe ni lori gani. Mlango wake wa nyuma ndiyo kazi yako ya mwisho. Komeo amekaa chini, mkono wa kulia unaning'inia, na kichwa cha mama yake kiko pajani kwake, macho yamefumbwa. Uliipaka siku tisa. Macho uliyaacha mwisho kama unavyofanya siku zote, ukanituma sokoni kununua misumari ambayo hatukuihitaji, na niliporudi jioni yalikuwa tayari yamefumbwa, mistari miwili tu ya kahawia. Wiki iliyofuata ulikwenda nyumbani kuswali adhuhuri ukasema unasikia kizunguzungu, na hukurudi.

Bashi Mutale ana toleo jipya mkononi. Amekunja ukurasa wa mwisho. Ananionyesha kwa kidole khanga ya Bi Tatu na kusema kwa ile adabu ya kwao, "Mama mzima huyu, mukwai. Mfungue macho kwenye gari yangu."

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia ile si kazi ya kuguswaguswa, aliyeipaka amekufa, na kwamba hao wanaoandika siku hizi hawana haya wala soni, leo wanamfufua huyu kesho watamwambia Komeo naye ni pacha. Nilipiga kelele, Fundi. Mama lishe akatoka na mwiko kutazama. Nikasema lori litabaki lilivyo kwa sababu Bi Tatu amekufa, tulimzika, na wewe uliapa.

Akaningoja nimalize. Mtu mpole yule. Akasema binti yake, huyo Mutale, hapandi tena gari. Zamani alikuwa anakimbilia lori likiingia uani. Sasa anasimama mlangoni anasema gari ya baba imebeba maiti. Akasema hata wenzake njiani wanakwepa kumfuata nyuma, hasa kwenye ile miteremko. Alivumilia kwa sababu ni mkono wako, na kwa sababu kitabuni ndivyo ilivyokuwa. Lakini sasa kitabu chenyewe kimesema yuko hai. Mwisho akasema, bila ukali, kwamba kama nimeshindwa atampelekea fundi wa ng'ambo, yule wa Nakonde.

Yule wa Nakonde! Anayechora simba wanaofanana na mchungaji wetu! Nikamwona akilini na brashi yake pana, anampaka Bi Tatu kope za msanii wa kwenye televisheni. Nilikaa kwenye benchi nikalia, nakuambia ukweli. Nililia kwa sababu kila mtu ana haki na mimi ndiye niliyebaki na kitambaa mkononi. Mtoto ana haki ya kupanda gari la baba yake. Na wewe ulikuwa na haki ya kuachwa ulivyoacha. Ile mistari miwili ndiyo kitu cha mwisho mkono wako kufanya hapa duniani, na mimi ndiye niliyetakiwa kuifuta kwa sababu mwandishi mmoja Dar amekosa la kuandika.

Nikamwambia alete lori asubuhi. Niliona kama lazima iguswe, basi iguswe na mkono uliofundishwa na wewe.

Alhamisi saa moja alikuwa ameshaegesha, ile baridi yetu bado haijatoka. Nikapanda juu ya pipa. Sikuwa nimekaribia ile picha tangu uondoke, nilikuwa naiona ikipita tu, tena kwa mbali. Nikalowesha kitambaa kwa tina. Nilitaka nifute kope kidogo tu, mahali pa kupatia jicho, mengine nisiguse. Nikakuomba radhi kwa sauti, Bashi Mutale akadhani naongea naye akasema hakuna shida.

Nikasugua jicho la kushoto mara moja.

Kahawia ikatoka yote. Kirahisi mno. Rangi yako haitoki hivyo, rangi yako ya mlangoni kwa yule muuza vipuri ina miaka minane na haijabanduka hata ukucha. Nikanusa kitambaa. Mafuta ya taa. Na pale chini ya kope palikuwa panang'aa. Nikasugua tena, polepole, na jicho likanitazama.

Fundi, lilikuwa jicho. Zima, jeupe, mboni nyeusi na kile kidoti cha mwanga unachokiweka juu kushoto, na juu yake vanishi, tabaka mbili kama si tatu. Nikahamia la pili, nalo vilevile. Macho ya Bi Tatu yalikuwa wazi muda wote, chini ya mistari miwili ya kuigiza. Yanamtazama mwanawe usoni. Na kwa kuwa sasa yako wazi, picha nzima imegeuka bila mimi kugusa kitu kingine. Si maiti tena. Ni mama amechoka, amelala pajani kwa mwanawe, anamkagua kama amekonda.

Ulinituma misumari!

Nilikuwa na hasira na mchoraji, nilikuwa na hasira na mwandishi na pacha wake, lakini hasira niliyoipata nikiwa juu ya lile pipa ilikuwa yako peke yako. Mzee mwongo wewe. Uliniapia usoni. "Aliyekufa amekufa," brashi imeinuliwa kama mwalimu, na mimi nikaibeba ile kauli miezi yote hii, nikaifanya msalaba, nikamfokea nayo mtu mpole aliyetuletea karanga. Kumbe siku chache tu baadaye ulimpiga vanishi! Ulikuwa unamngoja! Wiki ile ya mwisho ulikaa hapa ukanisomesha tena ukurasa wa kaburi huku unajua kabisa kwamba kwenye lori jeupe lililoko njiani kuelekea Dar kuna mwanamke uliyemwacha macho wazi, endapo watabadili mawazo. Uliona haya kuniambia? Mtu mzima, mjukuu wako yuko darasa la tano, unamngoja mama wa kwenye katuni arudi. Ungeniambia, Fundi. Ningekucheka siku moja, halafu tungemngoja wote.

Na hapo ndipo nikauliza kile nilichokuwa nakizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Yeye ulimwekea vanishi. Bango la saluni uliliwekea vanishi. Wewe mwenyewe je? Nikusugue wapi? Nimetazama hiki kibanda kila kona, makopo, benchi, kofia yako iko msumarini, na sijaona mahali nitakapopitisha kitambaa utoke.

Nikakunja kitambaa. Nilishuka.

Bashi Mutale alizunguka nyuma ya lori akasimama. Alisogea karibu na ule mlango. Kisha akavua kofia na kushukuru, "Natotela sana, mukwai," na akauliza ni saa ngapi nimeyachora macho mazuri hivi, mbona hajaniona nikishika brashi. Nikamwambia si mimi. Nikamwambia ni Fundi Shabani, ameyamaliza sasa hivi. Alinitazama, akaona sicheki, akakubali.

Jana amepita akielekea kwao. Binti yake alikuwa amekuja kumpokea upande wetu, mtoto wa miaka kama saba, gauni la njano. Niliacha kazi nikatoka nitazame. Alizunguka nyuma akasimama mbele ya ule mlango, mikono nyuma, akamchunguza Bi Tatu kama mkaguzi. Halafu akaenda mbele akapandishwa, akakaa. Lori likasogea kwenye foleni, na lile paja, lile ovaroli la bluu lenye mfuko uliochanika, na yale macho yako, vikaondoka kidogokidogo hadi turubai la gari jingine likaziba.

Basi ndiyo hivyo. Nimepoa, ulishinda. Lakini usidhani nimewasamehe wale wa Dar. Pacha ni upuuzi na nitasema ni upuuzi hadi siku ya mwisho. Wangetaka kumrudisha wangemrudisha kwa kazi, wangetafuta njia, kama wewe ulivyohangaika na mafuta ya taa. Na ule mkono lazima ufe ganzi. Nimewaandikia ukurasa wao wa barua za wasomaji nikawaambia hivyo, nimeweka na jina lako chini ya langu.

Mimi naaga sasa, kuna dereva wa Kongo nje anataka maneno ya nyuma na hajui anataka maneno gani. Toleo la thelathini na mbili likija nitalinunua. Kiapo kile naona hakikuwa na mwenyewe. Nitakaa kwenye benchi letu upande wangu, nitasoma kwa sauti, nitakueleza picha moja moja hata kama ni mbaya, hasa kama ni mbaya, na nikifika kwenye ugali, ikiwa wameurudisha, nitasoma mara mbili.

Kofia yako sijaitoa msumarini. Bi Tatu si peke yake wa kungojwa hapa.

Lala salama, Fundi wangu.

Sekela, mtu wa kahawa